Msalaba wa Lami kwenye Kombi ya Baba

Fundi hakuniita. Alinyoosha kidole tu, amechuchumaa ubavuni mwa kombi ya baba, msasa mkononi, vumbi la rangi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Nikainama kutazama anachonionyesha. Pale alipokuwa anasugua, sehemu ya ukubwa wa sahani, rangi ilikuwa imeisha na puti ya kusawazishia bati imeisha, na mahali nilipotegemea kuona bati nikaona matundu madogo madogo ya nyuzi. Nikaparua kwa ukucha. Kilikuwa chandarua. Chandarua cha mbu, kimelowekwa kwenye saruji, kikapakwa puti, kikapigwa rangi, na miaka yote hiyo sisi tukakiita gari.

"Dada," fundi akasema, "huku ubavuni gari hakuna."

Wanaonijua wanajua kwamba hasira zangu ziko karibu. Nina mashine ya kukoboa mpunga hapa Ifakara, na mteja akiniletea mpunga wenye mawe hasahau atakachosikia. Siku hiyo nilitafuta wa kumgombeza nikamkosa. Nilivyojua mimi, aliyefanya kazi ile alikuwa baba, na baba alikuwa nyumbani kitandani, upande wa kulia umepooza kwa kiharusi, maneno yake yamegeuka sauti ambazo mama peke yake ndiye aliyezielewa. Basi nikamgombeza fundi. Nikamwambia kama hakuna bati si aweke bati, kwani nimemletea gari alishangae? Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama ninakunywa chai.

Kombi yenyewe ni ya zile za zamani, uso wa mviringo, injini nyuma, paa linainuliwa kama mfuniko wa sanduku ili mtu aweze kusimama ndani. Wazungu wawili, mume na mke, waliiendesha kutoka kwao wakipita nchi moja baada ya nyingine. Walipofika bondeni kwetu ikawashinda, wakaiacha wakapanda treni. Ndani walikuwa na kitanda, kabati na sinki dogo la kuoshea vyombo. Baba alituambia ameinunua kwao, na hadithi hiyo ndiyo tuliyokua nayo. Kitanda alikitengeneza upya kwa mbao za mninga. Kila msimu wa mpunga, wenzetu walipohamia mashambani Namawala na kulala kwenye madungu, vile vibanda vya miguu mirefu vya kulindia ndege, sisi tulilala kwenye kombi, milango imefungwa, mbu wanalia nje. Nilikuwa najidai shuleni, acha tu. Nilijiona mtoto wa tajiri.

Tulipokua na kutawanyika, kombi ikabaki uani ikiliwa na kutu. Aliyenifanya niitoe ni shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Mama yao alifariki baba akiwa bado hajaanza kutembea, na shangazi, aliyekuwa msichana mdogo, ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamchapa, akampeleka shule. Mpaka uzee wao alikuwa anamwita mtoto wangu. Aliishi Namawala na wakwe zake, wake za wanawe, macho yameingia ukungu, miguu imekataa kazi. Tangu baba augue walikuwa hawajaonana. Kila nikimpigia simu shangazi aliniambia maneno yale yale: nileteeni mtoto wangu nimshike. Na baba akisikia sauti ile kwenye simu alikuwa analia mpaka mto unalowa. Mimi siwezi kumwona mwanaume mzee analia hivyo. Nilikuwa natoka nje.

Kumpeleka ndiyo ilikuwa shida. Kwenye basi hawezi kukaa. Tulimjaribu kwenye gari dogo la kukodi, akaegemea, akaanguka ubavu kabla hatujafika barabara kubwa, akaumia bega. Gari la wagonjwa haliendi kutembelea ndugu. Baba alihitaji kulala, na gari lenye kitanda lilikuwa moja tu, lile alilolitengeneza mwenyewe. Tena ilikuwa lazima awahishwe kabla ya masika, kwa sababu mvua ikishakolea, kufika kule ni kubahatisha. Nikasema basi, nalifufua. Fundi wa injini akaliamsha, halafu nikalipeleka kwa fundi bodi wa Lipangalala, maana sakafu ilikuwa inaonyesha barabara na mlango umeshikwa na waya. Tena nikasema lipigwe rangi mpya kabisa, maziwa juu, kijani chini, baba aingie kwa dada yake kama mtu.

Sasa ndiyo naonyeshwa chandarua. Nikanywa ile chai, nikatulia, tukakubaliana kwamba ubavu ule usiguswe sana, usuguliwe juu juu tu na kupakwa rangi. Nikarudi kwenye mashine yangu nikidhani hilo ndilo jambo la kushangaza nililopangiwa mwaka huo.

Haikupita muda mteja mmoja akaja na gunia lake, akaniambia, "Dada, pita kwa fundi wako. Kumejaa watu."

Nilipofika sikuliona gari, niliona migongo. Nikasukuma. Fundi alikuwa ameondoa rangi ya bluu, ambayo baba aliipaka kwa brashi, rangi ya kupakia milango ya nyumba. Chini yake kulikuwa na nyeupe. Na katikati ya ile nyeupe, kuanzia chini ya dirisha mpaka karibu na gurudumu, kulikuwa na msalaba mweusi. Mkubwa, mnene, mikono yake imenyooka. Haukuwa mchoro wa mtu wa kubahatisha. Ulikuwa umepimwa.

Watu walikuwa kimya, na hicho ndicho kilichonitisha. Watu wa Lipangalala hawanyamazi bure. Mama mmoja anayeuza maandazi jirani na pale fundi, mkubwa kwangu, akanishika mkono. Akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayekukumbusha kitu unachokijua, "Hili ndilo lililokuwa linabebea maiti wa parokia. Lilimpeleka mama yangu."

Nilikaa chini kwenye tairi. Nililala kwenye gari lile. Nililia humo, nilikula humo, niliugua surua humo, wadogo zangu wawili walianzia kutambaa kwenye sakafu ile. Nikakumbuka jinsi nilivyokuwa napenda kulala upande wa nyuma, pua karibu na mlango.

Nikaenda nyumbani moja kwa moja. Mama alikuwa barazani anapeta mchele. Hata shikamoo niliitoa nusu nusu. Nikamwambia nimeuona msalaba. Hakuacha kupeta.

"Kwani umejua leo?" akasema.

"Mama, mlikuwa mnatulaza kwenye gari la maiti."

"Lilikuwa la maiti baada ya wazungu kuliacha. Parokia walilichukua, wakatoa kitanda chao, wakalitumia mpaka walipopata jingine. Hakuna aliyelitaka tena. Baba yako akalitaka."

"Na hamkutuambia."

"Ningekuambia ungelala humo?" Akapuliza makapi. "Mwaka ule kabla hajalileta, mtoto wa jirani yetu aliliwa na mbu kule dunguni mpaka akafa kwa homa. Wewe ulikuwa mdogo kuliko yeye. Baba yako aliona gari lina milango inayofunga. Hakuona kingine. Ule msalaba aliupaka rangi mwenyewe, usiku na mchana, peke yake, akaniambia nisiseme. Nimesema?"

Nilikuwa nimekuja kugombana nikakuta mtu ananionyesha kwamba mimi ni mzima kwa sababu ya hicho ninachokigombania. Nikaingia ndani kumtazama baba. Alikuwa macho, amesikia yote kupitia dirishani. Akainua upande mmoja wa mdomo. Kwake siku hizo ndiyo lilikuwa tabasamu.

Nikamwambia fundi aendelee. Akapuliza praima ya kijivu, ile rangi ya kutangulizia, safi, nene, msalaba ukafunikwa. Asubuhi tulipofika ulikuwepo. Umerudi, rangi ya chai ya rangi, lakini umekamilika, mikono na yote. Akasugua, akapuliza tena. Kesho yake ukawepo. Vijana wake wawili wakaweka msasa chini, wakanawa mikono, wakasema wao wana kazi nyingine mahali pengine. Huko mtaani habari ilikuwa imeshatembea kwamba msalaba umekataa kufunikwa, na kuna waliokuja na simu kupiga picha. Niliwafukuza kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Fundi peke yake ndiye hakuogopa. Alisema mchoraji alitumia lami, ileile watu wa mtoni wanayozibia mitumbwi, na lami ukiipulizia rangi iliyozimuliwa kwa tina inayeyuka na kupanda juu. Rangi ya baba ilishika kwa sababu alipaka ya nyumba, tena kwa matabaka, tabaka juu ya tabaka. Dawa yake ni kuikwangua lami yote mpaka kwenye bati.

"Ikwangue," nikasema.

"Dada, bati lipi?" Akagonga ubavu kwa vifundo vya vidole, ukalia kama chungu. "Kumbe wa parokia waliipaka lami yao juu ya chandarua. Nikikwangua hapa nakutana nacho, na nikikitoa chandarua utabaki na shimo la kupitisha mbuzi."

Kwa hiyo ubavu mzima ulitakiwa ukatwe, na bati zuri la kukunjika vile liagizwe Morogoro. Likaagizwa. Tukakaa tunalisubiri, na msalaba ukabaki pale unatutazama.

Baba mdogo akaja. Ni mdogo wa baba kwa mama mwingine, ndiye tunayemsikiliza kwenye ukoo tangu baba alazwe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuuliza habari, nikajua leo kuna jambo. Akakaa, akasema alichokuja kusema: mtu mzima halazwi kwenye gari la maiti. Kukaa, labda. Kulala, hapana. Akilala humo ametangulia. Bati liwekwe, rangi ipigwe, padri aitwe abariki, ndipo kaka yake apandishwe.

"Na shangazi je?" nikauliza. "Naye asubiri padri?"

"Mwanangu, dada amesubiri mpaka leo. Hawezi kushindwa kusubiri kidogo tena."

Nikawapigia simu wadogo zangu, wale waliotambaa humo, nikijua watakuwa upande wangu. Wote wakasema baba mdogo ana haki. Na wamesoma vyuo. Nikakata simu. Nikanyamaza, na anayenijua angejua kwamba kunyamaza kwangu si kukubali.

Bati halikuja. Ikaja simu kutoka Namawala. Mkwe wa shangazi alisema mama hali chakula tena. Uji anautema, maji anaramba tu, na akizinduka anauliza kama gari la mtoto wake limeshaonekana. Nilikuwa kwenye mashine wakati huo, wingu limesimama juu ya milima ya Udzungwa, jeusi, la kuleta mvua. Nikazima mashine. Nikamwambia mteja aliyekuwa anasubiri arudi kesho, nikaenda kwa fundi kuchukua gari letu kama lilivyo.

Fundi hakunizuia, alinionya tu. Nisikimbize, maana saruji ikipasuka ubavu nitauacha barabarani. Nisizime injini njiani, kwa sababu kuiwasha kunahitaji watu wa kusukuma. Taa za mbele zitawaka muda wote, swichi ilikuwa imeoza akaunga waya moja kwa moja. Vioo vya pembeni na vya madirisha alikuwa amevitoa kwa ajili ya kupuliza rangi. Nikasema sawa, sawa, sawa. Msalaba nikaufunika kwa viroba vyangu vya mchele, nikavibandika kwa selotepu pande zote.

Majirani walinisaidia kumbeba baba. Alipofikishwa mlangoni akaona viroba, akatoa sauti, na mama akacheka. "Anasema unamficha nani, mtaa mzima unajua." Tukamlaza. Akapitisha mkono wake mzima, wa kushoto, kwenye ubao wa kitanda, taratibu, akafumba macho. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi vile. Nilikuwa namchukua baba yangu kumpeleka kwa dada yake, na hakuna aliyeweza kunirudisha.

Tuliuacha mji kwa mwendo wa baiskeli. Mama alikaa nyuma kando ya kitanda. Kwa sababu ya vumbi linaloingia kwenye madirisha yasiyo na vioo alijifunika kanga kichwani mpaka puani, na mkono mmoja alimwekea baba kifuani asiteleze. Mimi sikuona la ajabu. Kila kitu kilikuwa na sababu yake.

Mwanaume mmoja wa baiskeli akashuka, akasimama pembeni. Nikadhani ananipisha. Mbele kidogo wanawake waliotoka shambani wakatua mizigo yao, wakasimama wameinamisha vichwa. Fuso la mpunga likaegeshwa kando, dereva akavua kofia. Nikasema moyoni, kumbe barabara hii bado ina watu wenye heshima kwa wagonjwa. Halafu bodaboda watatu wakapunguza mwendo, wakasimama, wakazima pikipiki. Hapo nikashtuka. Bodaboda hawampishi mtu hata awe nani.

Nikatoa kichwa dirishani nikatazama ubavuni. Viroba havikuwepo. Selotepu moja ilikuwa inapepea, na msalaba uko wazi. Gari la praima ya kijivu, taa zinawaka mchana kweupe, mwendo wa pole, msalaba ubavuni, mzee amelala, mkewe amejifunika kanga. Hata mimi ningevua kofia.

Nikisimama kuufunika tena injini ingeweza kuzimika, na wingu lilikuwa limeshavuka milima. Nikaendelea. Tulipokaribia Idete, mtu mmoja aliyefunga kambale kwenye baiskeli yake alisimama pembeni kabisa, uso wa majonzi. Baba akamwona kupitia lile dirisha lisilo na kioo, na baba ni mtu wa kusalimia. Akainua mkono wa kushoto, akaupunga. Yule bwana akautazama ule mkono. Akaiachia baiskeli na kambale wake, akaingia kwenye mpunga anakimbia.

Baba akacheka. Kicheko chenyewe, cha tumboni, ambacho sikuwa nimekisikia tangu augue. Mama akacheka ndani ya kanga, mabega yanatetemeka, na aliyekuwa nje bila shaka alimwona mjane analia. Nami nikacheka mpaka machozi yakanizuia kuona barabara. Simu yangu ilikuwa inatetemeka kwenye mkoba, inaacha, inaanza tena. Nikajua ni baba mdogo amesikia nimeondoka, anataka kunigombeza. Nikaiacha ilie.

Kelele tulizisikia kabla ya kuiona nyumba. Ni kilio, na kilio cha msiba hakifanani na kingine. Kicheko kikatukauka wote watatu kwa mara moja. Tumechelewa, nikasema, sijui kama nilisema kwa sauti. Huko nyuma baba akatoa sauti moja ndefu, na safari hii sikuhitaji mama anitafsirie. Alikuwa anamwita dada yake. Nilitaka kuligeuza gari, nimrudishe, asiuone msiba. Ningelikuwa na pa kugeuzia ningegeuza.

Uani turubai lilikuwa limeshafungwa, sufuria kubwa ziko motoni, wanaume wamekaa kwenye mikeka. Wanawake wakaja mbio, wamejifunga kanga viunoni, wakalivamia gari, wanapiga bati na ule ubavu wa saruji kwa viganja. Na jina walilokuwa wanalia nalo lilikuwa la baba.

Ilinichukua muda kuelewa. Mtu alipiga picha ya kombi njiani akaituma, picha ikafika kwenye kundi la ukoo la simu, poleni zikaanza kumiminika. Baadaye nilisoma zote. Baba mdogo alikuwa ameandika maneno mawili tu: Nilisema mimi. Wakati ule nilichojua ni kwamba watu wote wale wanamlilia mtu ambaye amelala macho nyuma yangu.

Nikaruka chini. "Yuko hai," nikasema. "Jamani, yuko hai, mtazameni." Mwanamke mmoja akanikumbatia, akanibana kichwa begani kwake. "Pole mwanangu. Tunajua. Ni vigumu kukubali." Nikamsukuma, wakanishika wawili. Kadiri nilivyosema yuko hai ndivyo walivyozidi kunihurumia. Sijawahi kusema ukweli kwa nguvu vile nikakosa hata mtu mmoja wa kuniamini.

Halafu wakapisha njia. Shangazi alikuwa anatolewa nje, ameshikwa na wakwe zake pande zote mbili, miguu haigusi chini sawasawa. Amebaki mifupa na kanga. Yule ambaye hakuinuka kitandani muda wote ule alikuwa ameinuka.

"Nipisheni," akasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini watu walinyamaza. "Mimi ndiye niliyemlea. Mimi ndiye nitakayemfumba macho."

Nikamfuata, nikamshika, nikamwambia sikioni, shangazi, sikiliza, hajafa. Akanigusa shavu akinituliza, kama alivyofanya yule mwanamke aliyenikumbatia, akaingizwa garini. Mama alikuwa amebanwa kwenye kona na wanawake waliojaa mlangoni, anasema na yeye, hasikiki. Shangazi haoni. Akaanza kumtafuta baba kwa mkono. Akagusa mguu, akapanda, akagusa goti, akapanda, akagusa kifua, kidevu. Vidole vyake viwili vikanyooka kuelekea kwenye macho ya mdogo wake.

Baba akaudaka ule mkono.

Wanawake wa mlangoni wakapiga ukelele mmoja, wakakimbia, mmoja akaangukia kwenye kuni. Shangazi hakupiga kelele. Alibaki ameinama, mkono wake mkavu umeshikwa, anasikiliza.

"Mkono una moto," akasema. Halafu akamuuliza kitu ambacho nadhani alikuwa akimuuliza tangu baba akiwa mtoto. "Umekula?"

Baba akajibu kwa zile sauti zake, ndefu, machozi yanaingia masikioni. Mama akafuta pua kwa kanga. "Anasema wewe ndiye huli. Anasema amekuja kukugombeza."

Shangazi akampiga kifuani kwa kiganja cha mkono uliobaki huru, pigo dogo lisiloumiza. "Nimekulilia mpaka sauti imekauka," akasema. "Umenimaliza." Na hapo ndipo akalia, huku anacheka. Tulitaka kuwashusha wote wawili tuwaingize ndani, lakini baba hakumwachia, na shangazi hakuomba kuachiwa. Akajivuta, akalala ubavuni kwake kwenye kile kitanda cha mninga, mkono umeshikwa. Tukarudisha mlango, mama akabaki nao.

Nje kulikuwa na vurugu ya aina yake. Wengine wanacheka, wengine wamekasirika wanamtafuta aliyeanza kutangaza, watani wameshaanza kuuliza nani atakula ubwabwa wa marehemu ambaye hajafa. Nilikaa kwenye mkeka, nimechoka, nguo zimejaa vumbi la praima, nafsi imetulia kabisa. Walikuwa wameonana. Nilijisikia nimemshinda kila mtu. Vijana wakaniuliza kama washushe turubai, nikawajibu kwa hasira kwamba wanasubiri nini. Wakaanza kufungua kamba.

Mama akafungua mlango wa kombi, akaniita kwa mkono. Nikapanda. Walikuwa wamelala vilevile. Baba alikuwa anatazama paa, anatoa sauti moja ile ile, polepole, anairudia. Mama alimtegea sikio, kisha akanitazama.

"Anasema mkono umepoa."

Nikaweka vidole vyangu shingoni mwa shangazi, nikaviacha hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu nikashuka, nikawaambia wale vijana waache kufungua kamba, msiba upo, ila aliyefariki ni shangazi.